Mizinga ya Mbao ya Ziwa Tanganyika

Mwishoni mwa Julai 1916, Wajerumani waliokuwa wakiikimbia Kigoma waliizamisha kwa mikono yao meli iliyokuwa kubwa kuliko zote ziwani, Graf von Götzen, katika maji ya kusini mwa mji, upande wa mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito, wakitumaini kwamba ipo siku wangerudi kuiibua. Mzinga wake mkubwa haukuhitaji grisi. Ulikuwa wa mbao.

Mzinga halisi ulikuwa umefika Kigoma kwa njia ndefu. Ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyomalizikia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa kwenye mabaki ya meli hiyo na kugawanywa nchi nzima, na mmoja ukapelekwa ziwani ukafungwa juu ya Götzen. Kwa muda hapakuwa na chombo chochote Tanganyika kilichoweza kuisogelea meli hiyo. Lakini vita vya nchi kavu vilikuwa na njaa ya silaha. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, akaudai mzinga wake, na Gustav Zimmer, aliyeongoza kikosi cha maji cha Kigoma, akabaki na meli yenye urefu wa mita 70 na ushei isiyokuwa na jino. Akafanya kama afanyavyo leo mwenye duka asiyemudu bei ya kamera ya ulinzi: akaweka kitu chenye umbo lake, akanyamaza.

Wabelgiji walioleta ndege za baharini ng'ambo ya pili ya ziwa, katika pwani ya Kongo, walikuja kuidondoshea mabomu Götzen katikati ya mwaka 1916. Rubani aliyeikaribia meli ile akiuchunga mzinga wake mkubwa alikuwa akiuchunga ufundi wa seremala.

Upande huohuo meli ilikozamishwa ndiko iliko Ilagala, hapo Malagarasi unapokaribia kuingia ziwani, katika Wilaya ya Uvinza ya leo, kwenye nchi ya michikichi, mawese na dagaa, ambako watu na mizigo yao bado huvushwa mto kwa kivuko. Mto huu haukuwahi kuvukwa bure. Zama za misafara, huko juu Uvinza, wenyeji ndio waliokuwa na mitumbwi, na kila msafara uliokwenda au kutoka Ujiji ulilipa honga kwanza, kisha ukalipa nauli, kisha ukabishana juu ya nauli iliyokwisha kulipwa. Henry Morton Stanley alipita hapo Novemba 1871, siku chache kabla ya kuonana na Livingstone Ujiji. Alilalamikia sana bei za Wavinza. Alipomaliza kulipa, mmoja wa punda wake akakamatwa na mamba akiwa anavushwa kwa kamba. Punda huyo aliitwa Simba. Jina la kutisha, mamba hakulijali.

Misafara hiyo ilibeba kitu kingine pamoja na chumvi, nguo na pembe, nacho ni utani. Katika njia kuu iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walikutana na watu wa pwani na wa njiani, mara wakipigana, mara wakisaidiana, hata baadhi ya makabila hayo yakawa watani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe, kukunyang'anya kitu chako mkononi, kuchekesha watu msibani kwako huku akidai alipwe, nawe ukikasirika, aibu ni yako. R. E. Moreau alipoandika juu ya jambo hili katika jarida la *Africa* mwaka 1944, alikuta limetanda Tanganyika yote. Desturi hiyo inasaidia kueleza jinsi watu wa njia hizi walivyowatazama wageni waliokuja na mitambo na vyeo vyao. Aliyezoea kutaniwa hushtuka kidogo tu mbele ya kitu kikubwa, halafu hukitafutia jina.

Götzen yenyewe ilifika kama fumbo la kuunganisha. Ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer Werft, mji wa Papenburg, kisha ikabomolewa na kufungwa katika makasha 5,000. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na makasha yakafuata. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo ili wasimamie kazi ya kuipigilia upya ribiti kwa ribiti, kwa nguvu za wafanyakazi wa hapa. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikiwa na jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wakati wa Vita vya Majimaji. Rüter na wenzake ndio waliokuja kuipaka ile grisi ya mwaka 1916. Walioijenga mara mbili ndio walioizamisha.

Mafundi wa aina yao wana mila ya zamani ya kuwatuma wanagenzi kutafuta vitu visivyokuwepo. Katika karakana za Ujerumani, kijana mgeni hutumwa stoo kuchukua mawe ya kupimia ya pima maji, au springi ya kurudisha pistoni. Katika meli za Waingereza na Wamarekani hutumwa chumba cha mashine na ndoo, alete mvuke. Au huambiwa kwamba kila meli ina ribiti moja ya dhahabu, naye akaitafute huko chini kwenye giza. Seremala anatuma nyundo ya kioo, fundi magari anatuma bisibisi ya mkono wa kushoto, fundi umeme anataka sanduku la volti, na fundi wa kuchomelea anaomba cheche za grainda, maana zilizopo zimekwisha. Mwenye stoo naye yumo ndani ya njama. Anamwambia kijana kwamba hapa zimeisha, ajaribu kwa jirani.

Mzaha huu una kazi yake. Saidia fundi anayerudi mikono mitupu baada ya kuzunguka karakana nzima amejua kila stoo ilipo, amejua nani mkorofi na nani mwema, na wenzake wamejua kama atacheka au atanuna. Lakini una masharti: kitu kinachotafutwa lazima kifanane na kweli. Hakuna anayetumwa kuleta tembo. Springi ya pistoni ina mantiki ndani yake, kwa sababu pistoni hurudi kweli, na asiyejua mashine atadhani lazima kuna kinachoirudisha.

Waswahili waliokua na hekaya za Abunuwasi wanaujua mzaha huu kutoka upande wa pili. Sultani anamwagiza Abunuwasi amjengee nyumba angani. Abunuwasi habishi. Anatengeneza tiara kubwa, anaifunga njuga, anairusha, na watu wanaposikia mlio huko juu anamwambia sultani kwamba mafundi wamekwisha kuanza kazi, kilichobaki ni bwana mkubwa kuwapelekea mawe na chokaa. Aliyetuma ndiye anayebaki na ndoo ya mvuke mkononi.

Ufundi wa umeme, ambao ndani yake mna mafundi wa ving'ora na kamera, umeupeleka mzaha huu mbali kuliko fani nyingi, pengine kwa sababu vitu vyake vya kweli havionekani kwa macho. King'ora cha wezi chenyewe kilipokelewa kama kichekesho. Augustus Russell Pope wa Massachusetts alikisajili mwaka 1853, Edwin Holmes akanunua haki hiyo miaka michache baadaye, na alipata taabu kuwashawishi watu kwamba waya kwenye dirisha ungeweza kupiga kengele chumbani. Ilipofika 1944, wahandisi walikuwa wamejiamini kiasi cha kujicheka wenyewe. Mwaka huo John Hellins Quick, mwanafunzi wa Kiingereza, alichapisha katika jarida la wanafunzi wa taasisi ya wahandisi wa umeme maelezo ya mashine aliyoiita Turboencabulator. Lugha ilikuwa ya kihandisi toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna kipande hata kimoja cha mashine hiyo kilichopata kuwepo duniani. Mwaka 1962 kampuni ya General Electric iliitolea ukurasa wa vipimo kana kwamba inauzwa. Miaka kumi baadaye Signetics, watengenezaji wa vifaa vya elektroniki, wakaja na kumbukumbu ya kompyuta inayopokea maandishi tu na kamwe haisomeki, ikiwa na michoro na namba yake ya katalogi. Wenye fani walicheka. Asiye wa fani angeweza kuagiza.

Na hapo ndipo mizinga ya Ziwa Tanganyika inapoingia katika ukoo huu. Mzinga wa mbao pia ni chombo kisichokuwepo chenye umbo la kilichopo, ila aliyetumwa kukitafuta ni adui.

Adui mwenyewe alistahili kutaniwa. Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza ambaye kazi yake haikuwa imemwendea vizuri, aliletwa ziwani mwaka 1915 na boti mbili za injini, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40. Aliomba ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London walikataa, akarudi na majina ya Mimi na Toutou, wakayakubali bila kujua kwamba kwa Kifaransa cha mitaani ni paka na mbwa walewale. Boti zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni hadi Katanga, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikateremshwa kwa mto na reli hadi Lukuga, ambayo sasa ni Kalemie, mwishoni mwa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba ziliiteka Kingani ya Wajerumani, nayo Spicer-Simson akaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 kikosi chake kiliizamisha Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani.

Kwa kazi hiyo anastahili sifa. Lakini alikuwa mtu wa maonyesho. Mwili wake ulijaa chale za wino kuanzia shingoni kwenda chini, na kwa sababu ya joto alivaa sketi iliyoshonwa na mkewe. Waholoholo wa pwani ile ya magharibi walikusanyika kumtazama akioga, wakamwita Bwana Chifungatumbo, na wakafinyanga sanamu zake za udongo. Waingereza walioandika habari hizo baadaye walipenda kudhani kwamba alikuwa akiabudiwa. Msomaji anayetoka katika nchi ya watani ana haki ya kuwa na mashaka. Ukimwita mtu kwa nguo aliyoifunga tumboni, kisha ukafinyanga umbo lake lote, hicho kinaweza kuwa kicheko cha mtu mwenye adabu.

Baada ya Hedwig kuzama, Götzen ilitokea kuitafuta. Spicer-Simson aliitazama ikipita, akakataa kuifuata. Siku hiyo pengine alikuwa na busara, maana boti za mbao za futi 40 hazichezi na meli ile. Miezi michache baadaye busara hiyo ilimgeuka. Mapema Juni 1916 alifika mbele ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kusini kabisa mwa ziwa upande wa Tanzania, ili awazibie Wajerumani njia ya maji wakati jeshi la nchi kavu likija nyuma yao. Akaiona ngome juu ya bandari, akaiona mizinga yake, akageuza. Wajerumani wakapanda vyombo vyao, wakaondoka salama. Kanali Murray, aliyeongoza jeshi la nchi kavu, alipoingia ngomeni alikuta mizinga ile ni ya mbao. Hasira aliyomshushia mwenzake ilimvunja kabisa. Muda si mrefu Spicer-Simson akarudishwa Uingereza kwa sababu ya afya, na hakupewa tena kikosi cha kuongoza vitani.

Kwa hiyo bandari mbili za ziwa hilohilo, Kigoma na Kasanga, mwaka mmoja, zililindwa na kazi ya seremala. Hila yenyewe haikuzaliwa hapa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kusini yalipaka magogo rangi nyeusi na kuyaelekeza kwa adui huko Centreville, Virginia, majira ya baridi ya 1861 hadi 1862, na vifaa vya namna hiyo vikapewa jina la mizinga ya Waquaker, kwa kuwa Waquaker dini yao inawakataza kupigana. Ila Centreville ni mji wa nchi kavu ambao jasusi angeweza kuuzunguka usiku. Ziwani, anayetaka kuhakiki mzinga lazima aingie mwenyewe katika eneo ambalo mzinga, kama ni wa kweli, unafika. Kwa bei ya mbao na rangi, hakuna ulinzi uliofanya kazi vizuri zaidi.

Utaratibu huu unafahamika vizuri Kigoma na kwingineko Tanzania kwa jina jingine: tego. Mwenye shamba au boma hufunga kitambaa chekundu, hutundika kibuyu au pembe, na habari husambaa kwamba atakayegusa mali ile atanata nayo hadi mwenyewe arudi, au atavamiwa na nyuki, au atafagia uwanja usiku kucha akidhani anatoroka. Visa hivi husimuliwa katika daladala na kwenye vyombo vya majini kwa kicheko, na msimuliaji mwenyewe akiletewa kile kibuyu hakishiki. Kigoma imebeba mzigo wake wa mizaha hii ya kitaifa, pamoja na ule wa ungo unaoruka hadi Dar es Salaam kwa muda mfupi kuliko treni, mzaha ambao abiria wa Reli ya Kati waliolala njiani siku mbili hawaoni umekosea wapi.

Mafundi wa ulinzi wa mijini wanauza tego pia, ingawa hawaliiti hivyo. Kuna kibao cha *Mbwa Mkali* kwenye geti lisilo na mbwa. Kuna kasha la king'ora lisilo na king'ora, linalotundikwa ukutani juu barabara ilione. Kuna kamera ya plastiki yenye taa nyekundu inayometameta, ambayo kati ya vyote vilivyomo ndani yake kinachofanya kazi ni betri ya taa. Mnunuzi anajua anachonunua, muuzaji anajua anachouza, na anayetakiwa asijue ni mmoja tu.

Mambo huharibika pale mnunuzi anapokuwa ndiye asiyejua. Mwanzoni mwa karne hii Jim McCormick, mfanyabiashara wa Kiingereza, alichukua vifaa vya mzaha vya kutafutia mipira ya gofu iliyopotea, vilivyouzwa Marekani kwa chini ya dola 20, akavigeuza kuwa kitambuzi cha mabomu. Kiliitwa ADE 651. Kilikuwa mpini wenye waya wa antena unaocheza kwenye bawaba, hakikuwa na betri, na kilidaiwa kunusa mabomu, dawa za kulevya, pembe za ndovu na hata noti za dola. Serikali ya Iraq ilikinunua kwa mamilioni ya dola na kukiweka kwenye vizuizi vya barabara vya Baghdad, ambako magari ya mabomu yaliendelea kupita. Kila fundi wa elektroniki aliyekifungua alikuta mzaha wa kikazi wa kawaida kabisa, ndoo ya mvuke yenye cheti cha ubora. McCormick alifungwa miaka 10 mwezi Mei 2013. Askari wa Baghdad waliendelea kukishika mkononi hadi Julai 2016, ndipo waziri mkuu wao alipoagiza kiondolewe, baada ya shambulio la bomu katika mtaa wa Karrada.

Götzen haikukaa chini muda mrefu. Wabelgiji waliiibua, ikawazamia tena katika dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakazikuta mashine zikiwa nzima kutokana na ile grisi, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ikapiga ziwa kutoka Kigoma hadi Mpulungu kwa miongo na miongo, kwanza kwa mvuke, kisha kwa dizeli kuanzia miaka ya 1970, ikibeba dagaa, mananasi, wakimbizi na bibi harusi, na kusimama mbali na ufuko ili mitumbwi ya vijiji iijie.

Wakati huohuo ilipata maisha ya pili katika hadithi. C. S. Forester alitoa riwaya ya *The African Queen* mwaka 1935, yenye meli ya Kijerumani inayotawala ziwa, na boti chakavu ya fundi mmoja wa Kiingereza. Fundi huyo na mwanamke anayesafiri naye wanatengeneza torpedo zao wenyewe kutokana na mitungi ya gesi, baruti, vipande vya mbao, misumari na risasi. Forester anaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa umakini ambao Quick angeuonea wivu. Katika kitabu, chombo hicho hakifanyi kazi yoyote: dhoruba inaizamisha boti kabla haijafika, na meli ya Wajerumani inakuja kuzamishwa na boti za injini za jeshi la maji la Uingereza, kama zile za Spicer-Simson. John Huston alipotengeneza filamu mwaka 1951 kwa kupigia picha Uganda na Kongo, hakuridhika na mwisho huo. Kwake, meli inaligonga gamba la boti iliyopinduka, na mitungi ya gesi inalipuka.